Kamera ya Langoni na Ukuta wa Mawe



Mama mmoja msomaji wetu wa Kisauni ametuletea swali ambalo, kwa sura mbalimbali, limekuwa likitufikia mara kwa mara. Mumewe anafanya kazi Ughaibuni, naye anakaa na watoto wanne pamoja na mavyaa wake aliye mkongwe. Kabla ya kusafiri, mume alifunga kamera mbili zisizo na waya, moja juu ya mlango wa nyumba, ya pili kwenye lango la nje. Usiku mmoja pampu ya maji iliyokuwa karibu na lango ikang'olewa. Asubuhi alipofungua simu kutazama kilichotokea, kamera ya lango ilikuwa imehifadhi picha ya saa saba na dakika kumi za usiku, lango limefungwa. Kisha ikafuata picha ya saa tisa kasorobo, lango li wazi. Baina ya picha hizo mbili hapakuwa na kitu. Kamera ya mlango ilikuwa nzima, lakini haitazami huko. "Je," auliza, "ninunue kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti?"

La, mama, usinunue. Kwanza tulielewe tatizo lenyewe, kwani fedha nyingi za familia zetu hupotea hapa, na baada ya kupotea lango hubaki vilevile bila ya mlinzi.

Tumezoea kuipima intaneti kwa jinsi inavyotuletea vitu: video ifunguke upesi, darsa la mtandaoni lisikwame. Kamera haifanyi kazi hiyo. Runinga hupokea, ilhali kamera hutuma. Kamera ya kawaida yenye picha safi, ile inayouzwa kwa jina la 1080, huhitaji kutuma takriban megabiti 2 kwa sekunde, na mara nyingine hufika 4. Kamera mbili, basi, hazitazidi megabiti 8 hata zikijitahidi. Vifurushi vingi vya waya wa nyuzi za kioo vinavyoingia majumbani mwetu vinaubeba mzigo huo bila taabu. Pengo la mama huyu haliko baina ya nyumba yake na ulimwengu. Liko baina ya lango na ruta iliyo sebuleni, katika mita chache zile ambazo yeye huzivuka kila siku akienda dukani.

Na katika mita hizo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili, na pande hizo hazilingani kwa sauti. Ruta ina antena ndefu, imeshikamana na umeme, nayo hunena kwa nguvu. Kamera ina antena ndogo iliyofichwa ndani ya plastiki, na sauti yake ni dhaifu. Muadhini mwenye kipaza sauti husikika mtaa mzima. Lakini bibi aliye dirishani akimwita, yeye hamsikii. Ndiyo maana mtu husimama langoni na simu yake, akaona alama za waifai zimejaa, akashangaa kwa nini kamera inakatika. Alama zile zamweleza jinsi ruta inavyosikika pale langoni. Hazimwelezi kama ruta, kule ndani, inaisikia kamera. Na kununua ruta yenye antena sita, kubwa kama buibui, ni kumpa muadhini kipaza sauti kikubwa zaidi. Bibi bado hasikiki.

Kwa hiyo dawa ni kulisogeza sikio karibu na kamera, au kuiondolea kamera vizuizi vilivyo mbele yake. Yote nitakayoyasema hapa chini yanarudi kwenye mambo hayo mawili.

Kabla ya kuhamisha chochote, pima. Simu nyingi za Android zaweza kuwekewa programu ya bure inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa tarakimu, na kamera nyingi nazo huonyesha kipimo chao wenyewe ndani ya programu yake. Tarakimu huandikwa kwa hasi, na alama ya kipimo ni dBm. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 60 ni njema. Ikifika hasi 67 au hasi 70, video huanza kusitasita, na kwenye hasi 80 kamera huingia na kutoka mtandaoni kama mtu anayepigana na usingizi. Hesabu hii ina jambo lake: kila ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi ya ile ya awali. Tofauti ya hasi 60 na hasi 80, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ni mara 100. Fungua mlango wa sebule na upime, ufunge na upime tena, ufuate njia kutoka kwenye ruta hadi langoni ukiandika. Mtoto wa darasa la saba ataifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko fundi, na kwa uangalifu zaidi.

Utakapofuata njia hiyo, utagundua kuwa mawimbi hayapungui polepole kama taa inayofifia. Yanashuka ghafla mahali fulani, na mahali hapo aghalabu ni ukuta.

Sisi watu wa pwani tuna kuta za aina yake. Chukueni nyumba ya mawe ya Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari ya mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka upana mkubwa. Chumba hupata mita mbili na nusu hivi, hazizidi sana. Matokeo yake ni kuwa mtu akivuta mstari wa mita kumi kutoka ndani kabisa hadi barazani, mstari huo hukata kuta tatu au nne, na kila ukuta ni wa matumbawe, unene wake ukikaribia nusu mita. Matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa hewa ya bahari, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi haya. Ukuta uliolowa wakati wa masika humeza zaidi kuliko ulivyokuwa kaskazini inapovuma na jua likiwaka. Familia zinazosema kamera yao "hugoma mvua ikinyesha" hazioti ndoto.

Tena wazee wetu waliujenga mlango kwa busara. Kutoka daka hadi tekani, njia hupinda, ili jicho la mpita njia lisipenye mpaka ndani na kina mama wakae kwa stara. Wimbi la waifai ni jamaa wa nuru, ila macho yetu hayalioni, nalo huzuiwa na hekima hiyohiyo. Kamera iliyo daka na ruta iliyo ndani zimetenganishwa kwa makusudi tangu enzi za mababu! Lakini nyumba hiyohiyo ina mlango wa kutokea: kiwanda. Ule uwanja wa kati ulio wazi juu ni njia pana ya mawimbi. Ruta ikitolewa ndani na kuwekwa kwenye msana, ikikitazama kiwanda, hufika vyumba vingi kupitia milango ya mbao, na mbao haizuii sana. Nimeona hatua nne tu za kuhamisha ruta zikitenda kazi ambayo vifaa vya kununua vilishindwa.

Nyumba za siku hizi zina vizuizi vingine. Zege lenye nondo. Mlango wa chuma. Grili za madirisha. Bati la ukumbi. Tangi la maji juu ya paa, ambalo likijaa ni ukuta wa maji. Kioo cha kujitazamia kwenye kabati la nguo, ambacho nyuma yake kimepakwa madini, hurudisha mawimbi kama kinavyorudisha sura. Lango la nje, nalo, siku hizi ni bamba zima la chuma, na mafundi hupenda kuifunga kamera juu ya chuma hicho kwa sababu skrubu inashika vyema. Ihamishieni kwenye nguzo ya ukuta iliyo kando, upande unaoielekea nyumba, isiwe na chuma baina yake na ruta. Upana wa shubiri mbili waweza kuifufua.

Ruta yenyewe mara nyingi huwekwa pale waya ulipoingilia, na waya huingilia pale ilipomrahisikia fundi. Kisha mwenye nyumba huona haya kuiacha wazi, akaificha nyuma ya runinga au ndani ya kabati la vyombo. Itoeni. Iwekeni juu kidogo, kimo cha mtu, mbali na jokofu, na mbali na jiko la maikrowevu, ambalo likiwashwa hutoa mawimbi ya masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 yatumiwayo na kamera. Antena husambaza mawimbi ubavuni mwake, si kwenye ncha; ikisimama wima hulihudumia vyema sakafu moja, na ikiwa kamera i ghorofa ya juu, ilazeni antena mojawapo. Waya wa nyuzi za kioo usikunjwe kwa pembe kali, kwani ndani yake ni kioo kweli.

Hapo nimetaja gigahezi 2.4. Ruta nyingi sasa hutoa masafa mawili, 2.4 na 5. Masafa ya 5 yana kasi lakini huchoka mbele ya ukuta, ya 2.4 ni ya polepole na hupenya zaidi. Kamera nyingi za bei ya kawaida hazijui masafa ya 5 kabisa. Ikiwa ruta imeyapa yote mawili jina moja na kamera inakataa kujiunga, zimeni 5 kwa muda, kamera ijiunge, kisha muiwashe tena.

Wanaokaa katika magorofa ya Mombasa, ambako simu moja huona mitandao ya majirani kumi na tano, wana shida ya ziada: wote wanasema kwa wakati mmoja. Katika masafa ya 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Tazameni kwa programu ileile ya kupimia ni ipi iliyo na watu wachache, kisha muichague katika ruta, na upana wa chaneli uwe megahezi 20. Msichague 3 au 8 kwa kudhani mmejitenga. Mtasumbua pande mbili na kusumbuliwa nazo.

Sasa tuje kwa vifaa, ikiwa kuhamisha hakukutosha.

Cha kwanza kinachouzwa ni repita, ile inayochomekwa ukutani. Haina ubaya, ila watu huichomeka vibaya. Huipeleka palepale langoni, ambako mawimbi yamekwisha kufa, wakitaraji iyafufue. Repita haiumbi mawimbi. Huyarudia yale iliyoyasikia, na ikisikia kunong'onezwa hurudia mnong'ono. Mahali pake ni katikati ya njia, pale kipimo chenu kilipokuwa bado kwenye hasi 60 au karibu na hapo. Mtaambiwa kuwa repita hukata kasi nusu. Ni kweli kwa zile za bei ndogo, zinazosikia na kusema kwa redio moja. Lakini kamera inayohitaji megabiti 2 haiumii kwa nusu hiyo. Huumia kwa mahali pabaya. Mifumo ya ruta kadhaa zinazoshirikiana kwa jina moja, ambayo mafundi huiita meshi, hufanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi na kwa gharama zaidi, na sharti la mahali ni lilelile.

Mimi nikiulizwa, nitasema waya. Najua kuwa kamera ilinunuliwa kwa sababu haina waya. Hata hivyo, waya mmoja wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi varanda ya mbele, ukimalizikia kwenye kifaa kidogo cha waifai, huuondoa ukuta wote katika mazungumzo. Kamera hubaki bila waya, ila sasa sikio li mita tatu kutoka kwake. Waya huo hufanya kazi hadi mita 100, umbali ambao nyumba chache zitauhitaji. Na sikio lenyewe si lazima linunuliwe: ruta kuukuu iliyolala kabatini yaweza kupewa kazi hiyo. Mwambieni fundi aiweke kama kituo cha waifai tu, isigawe anwani zake yenyewe, ili zisije zikagombana ruta mbili nyumba moja.

Katika kununua waya, ulizeni kama ni shaba tupu. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, mwepesi na rahisi, ambao hukatika upesi ukikunjwa. Unaopita nje upitishwe ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu jua letu hupasua ganda lake, na kabla ya kuingia ukutani uachwe ufanye tumbo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata ndani. Maungio yote ya nje yafungwe kwa utepe wa mpira. Chumvi ya bahari haina haraka, lakini haisahau.

Kwa ndugu zetu wa Mji wa Kale wa Lamu, kuna tahadhari. Mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ukuta wa zamani si mahali pa fundi kuingiza keekee apendavyo. Waulizeni kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa. Mara nyingi hakuna haja ya kutoboa: waya mwembamba hupita kwenye dirisha au tundu la hewa lililopo. Ipo pia adapta inayopitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme za nyumba, moja ikichomekwa karibu na ruta na ya pili karibu na daka. Hufaulu zaidi soketi zote mbili zikiwa chini ya mita moja ya umeme, nazo zichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kurefushia.

Umeme ukikatika, haya yote hulala. Betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta na kile kisanduku cha nyuzi za kioo huyashika kwa saa kadhaa, na kwa mtu anayekaa peke yake na watoto ningeitanguliza kabla ya kamera ya tatu. Kitu kingine ambacho ningekitanguliza ni kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera. Kadi ya gigabaiti 64, kamera ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2, huhifadhi karibu siku tatu, na huendelea kuandika hata ruta ikizimika. Mama wa Kisauni angekuwa nayo, zile saa mbili kasoro za usiku ule zingalikuwapo. Naam, mwizi akiichukua kamera atachukua na kadi. Kwa hiyo kadi haiondoi haja ya mawimbi mazuri.

Lipo jambo la adabu ambalo siwezi kulipita. Mawimbi yakisumbua, suluhisho la haraka la mafundi ni kuipandisha kamera juu ya paa, ambako hakuna ukuta. Na kweli kipimo hupanda. Lakini kutoka juu ya paa, kamera haitazami lango peke yake. Hutazama ua wa jirani, na dari ambako binti zake huanika nguo wakiwa hawana mitandio. Sura An-Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia katika nyumba za watu. Jicho la kamera nalo ni mgeni, na huyu habishi hodi wala haondoki. Ikiwa hapana budi kupanda, tumieni sehemu ya programu inayoziba kwa weusi eneo lisilotakiwa, kisha mwiteni jirani aitazame picha kwa macho yake. Kadhalika, sioni haja ya kamera ndani ya nyumba wanamokaa kina mama bila stara, kwani picha zile nyingi huhifadhiwa kwenye mashine zilizo nchi za mbali. Na fundi akimaliza kazi na kuondoka, badilisheni neno la siri la ruta na la kamera siku hiyohiyo, hata akiwa ni mtoto wa mjomba.

Mkisha kutengeneza, msijaribu adhuhuri. Jaribuni baada ya Isha, majirani wote wamerudi na mitandao yao imeamka. Mtu mmoja atembee kutoka barabarani hadi langoni, asimame dakika moja, arudi. Wa pili asitazame picha ya papo hapo. Afungue kumbukumbu na ahesabu sekunde zilizopotea. Rudieni usiku tatu, na mmoja wake uwe wa mvua mkijaaliwa.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu swali la dada wa Malindi kuhusu kamera za betri zinazokwisha chaji kila baada ya siku nne. Na yeye tumwambie mapema aanze kwa kupima mawimbi, maana kamera isiyosikika hupiga kelele zaidi, na betri ndiyo inayolipa.